Yohana, Yohane, Yahya: Historia ya Jina Moja na Maumbo Yake Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya jina la kibiblia Yohana, kuanzia asili yake katika Kiebrania hadi maumbo yake ya sasa katika Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu. Hoja kuu ni kwamba maana asilia ya jina hili ilibaki ileile katika safari yake ndefu, ilhali umbo lake lilibadilika mara nyingi na kubebeshwa mzigo wa kijamii, yaani dini, dhehebu, utawala na hadhi. Makala yanaonyesha kwamba mgawanyo uliozoeleka kati ya “majina ya Kiislamu” na “majina ya Kikristo” hauna msingi wa kihistoria katika kisa hiki. Yanahitimisha kwa kupendekeza namna taasisi za usajili katika ukanda huu zinavyoweza kushughulikia maumbo mbalimbali ya jina moja bila kumpotezea mwenye jina haki yake.

1. Utangulizi

Katika utaratibu wa majina ya Kibantu, jina aghalabu ni sentensi fupi. Katika Kinyarwanda na Kirundi, Hakizimana ni tamko kwamba aponyaye ni Mungu, na Bizimana ni tamko kwamba ajuaye ni Mungu. Anayeitwa jina kama hilo hubeba kauli ya wazazi wake kuhusu tukio la kuzaliwa kwake, na jirani anayelisikia huielewa kauli hiyo papo hapo. Majina yaliyoingia kupitia dini za kigeni huonekana kuwa kinyume cha hayo: hutamkwa, huandikwa, hurithiwa, lakini wengi wanaoyatumia hawaoni ndani yake sentensi yoyote.

Yohana ni mfano mzuri wa kuchunguza tofauti hiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, kwa asili yake nalo ni sentensi yenye Mungu kama kiima, iliyoundwa kwa utaratibu unaokaribiana sana na ule wa Hakizimana. Pili, ni jina linalomrejelea mtu anayeheshimiwa na Waislamu na Wakristo kwa pamoja, ingawa pande hizo mbili zinamwita kwa maumbo tofauti. Kufuatilia njia za maumbo hayo ni kufuatilia sehemu ya historia ya mawasiliano ya Afrika Mashariki na dunia.

2. Asili na maana

Umbo la kale kabisa ni la Kiebrania, Yehohanan, ambalo hufupishwa kuwa Yohanan. Sehemu ya kwanza, Yeho- au Yo-, ni kifupisho cha jina la Mungu wa Israeli. Sehemu ya pili inatokana na mzizi wa konsonanti tatu, h-n-n, wenye maana ya kufadhili, kuonea huruma au kukirimu bila kudaiwa. Maana ya jina zima ni “Mungu amefadhili” au “Mungu ameonyesha neema”.

Mzizi huo umezaa ukoo mkubwa wa majina. Hana, mama wa Samweli, analo. Hanania analo pia, na kwake vipande vilevile viwili vimebadilishana nafasi: kitenzi kimetangulia na jina la Mungu likafuata. Nje ya Israeli, Wafoinike na watu wa Karthago waliomwabudu Baali waliunda jina Hannibal kwa kanuni hiyohiyo, likiwa na maana kwamba Baali amefadhili. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba Yohanan halikuwa jina la pekee lililobuniwa kwa ajili ya mtu mmoja mtakatifu. Lilikuwa tunda la desturi ya utoaji majina iliyoenea miongoni mwa jamii zenye lugha za Kisemiti.

Wala halikuwa jina adimu. Katika Kitabu cha Yeremia anatajwa Yohanan mwana wa Karea, mmoja wa majemadari walionusurika baada ya Yerusalemu kuanguka mikononi mwa Wababeli. Katika karne ya 2 KK, kuhani mkuu na mtawala wa ukoo wa Wahasmonayo aliitwa Yohanan, maarufu kwa jina la Hyrcanus. Kufikia karne ya 1 BK, jina hili lilikuwa miongoni mwa majina ya kiume yaliyotumika sana Palestina. Ushahidi mmojawapo ni sanduku la mifupa lililogunduliwa Yerusalemu mwaka 1968. Sanduku hilo lilikuwa na jina Yehohanan limechongwa, na ndani yake mfupa wa kisigino uliotobolewa kwa msumari, masalia ya mtu aliyesulubiwa na Warumi. Huyo hakuwa mtume wala nabii. Alikuwa mmoja wa watu wa kawaida walioitwa hivyo.

3. Jina lisilokuwamo katika ukoo

Injili ya Luka inasimulia mgogoro wa utoaji jina. Majirani na jamaa walitaka mtoto wa Zakaria aitwe kwa jina la baba yake. Mama yake, Elizabeti, alikataa na kusema ataitwa Yohana. Jamaa walipinga kwa kuwa hapakuwa na mtu wa jina hilo katika ukoo wao, hadi Zakaria aliyekuwa bubu alipoomba kibao na kuliandika. Msomaji wa Afrika Mashariki anaitambua hoja ya jamaa hao bila kuhitaji maelezo, kwani katika jamii nyingi za ukanda huu mtoto hurithi jina la babu, bibi au marehemu, na kuvunja mfululizo huo si jambo la baba na mama peke yao.

Kurani Tukufu, katika Sura Maryam, nayo inazungumzia upya wa jina hili. Zakaria anabashiriwa mtoto ambaye jina lake ni Yahya, na inaelezwa kwamba hakufanywa yeyote kabla yake kuwa na jina hilo. Wafasiri wa Kurani wamelijadili neno hilo kwa namna mbili: baadhi wamelielewa kuwa linahusu jina lenyewe, na wengine wamelielewa kuwa linahusu sifa, yaani hapakuwa na mtu aliyefanana naye kabla yake. Katika sura hiyohiyo, aya ya 13, Yahya anatajwa kuwa amepewa hanan kutoka kwa Mungu, yaani upole na huruma. Neno hilo la Kiarabu linatokana na mzizi uleule wa h-n-n uliomo katika Yohanan. Hivyo, hata pale ambapo umbo la jina limebadilika, maana ya kale imesimama kando yake katika maandishi.

Uhusiano wa Yahya na Yohanan kisarufi umejadiliwa sana. Masikioni mwa Mwarabu, Yahya husikika kama “anaishi”, kutokana na kitenzi cha uhai, na maelezo hayo yamezoeleka katika mafundisho ya Kiislamu. Wakristo wanaozungumza Kiarabu, kwa upande wao, hutumia Yuhanna, umbo lililo karibu zaidi na lile la Kiebrania na Kiaramu. Wamandayo wa Iraki na Irani, ambao humheshimu sana Yohana, hutumia maumbo yote mawili, Yuhana na Yahya, kwa mtu yuleyule. Lililo wazi ni kwamba mrejelewa ni mmoja. Katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus kuna kaburi linaloaminiwa kuhifadhi kichwa chake, na Papa Yohane Paulo II alipoutembelea msikiti huo mwaka 2001 alifika mahali palipotukuzwa na dini mbili kwa ajili ya mtu mmoja.

4. Kutoka Yerusalemu hadi Ulaya na Habeshi

Wagiriki walipolipokea jina hili, alfabeti yao haikuwa na herufi ya kuwakilisha sauti ya kooni ya Kiebrania. Sauti hiyo ilidondoka, kiishio cha Kigiriki kikaongezwa, na jina likawa Ioannes. Kilatini kiliandika Ioannes, na mara nyingi Iohannes, herufi h ikirejeshwa katika maandishi. Kutoka hapo yalizaliwa maumbo ya Ulaya: Johann na Hans kwa Wajerumani, Jean kwa Wafaransa, João kwa Wareno, Giovanni kwa Waitaliano, Ivan kwa Warusi, John kwa Waingereza, Ian kwa Waskoti. Sauti ya kwanza ya John ya Kiingereza ilitokana na athari ya Kifaransa cha kale. Kwa hiyo Yohana la Kiswahili, kwa matamshi yake, liko karibu na Kiebrania kuliko John linavyokuwa.

Afrika haikusubiri Ulaya kulipata jina hili. Kanisa la Ethiopia lilikuwa na Yohannes karne nyingi kabla ya wamisionari wa Kizungu. Mwaka Mpya wa Kiethiopia hujulikana pia kwa jina la Mtakatifu Yohannes, na mfalme Yohannes IV alitawala hadi alipouawa vitani Metemma mwaka 1889. Kwa mtazamo wa bara zima, kuliita Yohana “jina la Kizungu” ni kusahau njia hii ya kale iliyopitia Bahari ya Shamu na Mto Nili.

Upande wa magharibi jina liliingia kwa njia nyingine. Mwaka 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa na kuitwa João, jina la mfalme wa Ureno wa wakati huo, João II; mkewe naye akapewa jina la malkia wa Ureno, Leonor. Hapa ubatizo ulikuwa pia diplomasia, kwa maana kufanana kwa majina kulitangaza usawa na udugu wa falme mbili. Pwani ya Afrika Mashariki ilishuhudia upande wa pili wa siasa hiyo. Mwana wa mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, alilelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa Jerónimo. Mwaka 1631 aliiteka Ngome ya Yesu, akarudi katika Uislamu na katika jina lake la kwanza. Kwa watawala hawa wawili, jina lilikuwa mkataba, na kulivua jina kulikuwa kuvunja mkataba.

5. Maumbo katika lugha za Afrika Mashariki

Pwani ya Waswahili ilikuwa na Yahya, mara nyingi likitamkwa Yahaya ili kukidhi mpangilio wa silabi wazi wa Kiswahili, kabla ya Yohana kuanza kuandikwa. Kwa hiyo jina la mwana wa Zakaria halikuwa geni wamisionari wa Kiprotestanti walipofika. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann akaungana naye mwaka 1846. Wote wawili walikuwa akina Yohana kwa majina yao wenyewe. Katika tafsiri za Biblia zilizofuata, watafsiri hawakuchukua Yahya lililokuwapo tayari. Walichagua umbo linalofuata Biblia za Ulaya, na kwa uamuzi huo mtu mmoja akawa na majina mawili katika lugha moja. Ulinganisho na majina mengine unaonyesha kwamba uamuzi huo haukulazimishwa na lugha, kwani Musa, Daudi na Ibrahimu walibaki na maumbo ambayo Waislamu na Wakristo wanashirikiana hadi leo.

Mgawanyo wa pili ulitokea ndani ya Ukristo. Tafsiri ya Muungano iliyokamilika mwaka 1952, ambayo ililenga kuunganisha mapokeo ya Kimvita na ya Kiunguja, ilitumia Yohana. Wakatoliki walizoea Yohane, umbo ambalo pia limetumika katika Biblia Habari Njema iliyotafsiriwa kwa ushirikiano wa makanisa. Jambo hilihili linaonekana nje ya Kiswahili. Katika Kinyarwanda, Waprotestanti husema Yohana na Wakatoliki Yohani. Katika Kiganda, Waprotestanti husema Yokaana na Wakatoliki Yowana. Kisa cha Kiganda kina sababu ya kifonolojia ndani yake: lugha hiyo haina h katika mfumo wake wa sauti, hivyo ilibidi h igeuzwe au idondoshwe, na kila upande ukachagua njia yake. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877 na Mapadri Weupe mwaka 1879. Ushindani wa makundi hayo mawili, uliokuja kuigawa siasa ya Buganda, ulibaki pia katika irabu na konsonanti za jina la mtume.

Vilevile pana maumbo yanayokataa mipaka hiyo. Kasisi Yohanna Abdallah, Myao aliyehudumu Unangu katika eneo ambalo sasa ni kaskazini ya Msumbiji, aliandika historia ya watu wake kwa lugha yao, nayo ikachapishwa mwaka 1919. Jina lake la kwanza limeandikwa kwa n mbili, kama Yuhanna la Wakristo Waarabu, na la mwisho ni la Kiislamu. Jina la mtu huyu mmoja linashuhudia historia ya eneo ambalo misafara ya pwani, Uislamu na misheni vilikutana.

6. Jina, utumwa na dola

Suala la umbo la jina halikuwa la watafsiri peke yao. Katika vituo vya watu walioachwa huru kutoka utumwani, kama Freretown iliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875, ubatizo uliwapa wengi jina jipya. Mara nyingi hilo lilikuwa jina la tatu. La kwanza alilitoa mzazi, na la pili alilitoa bwana, kama vile Mabruki, Farjala au Almasi. Kumwona aliyebatizwa kuwa mtu aliyepoteza jina lake la asili ni kweli, lakini si kweli yote, kwa kuwa jina la ubatizo lilikuwa pia alama ya hadharani kwamba mwenyewe si mali ya mtu tena. Historia ya majina ya kidini katika ukanda huu haina budi kubeba mambo hayo mawili kwa pamoja, upotevu na uhuru.

Karne ya 20 ilileta swali jipya: je, dola huru iyaache majina hayo? Jibu kali zaidi lilitoka Zaire. Mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu alilivua jina lake la ubatizo na kujiita Mobutu Sese Seko, na raia wakatakiwa kufuata siasa hiyo ya uhalisia kwa kuacha majina ya Kikristo ya kigeni. Kardinali Joseph-Albert Malula alipinga na akalazimika kukaa uhamishoni Roma kwa muda. Akina Jean wakawa watu wenye majina ya asili kwenye nyaraka, lakini majina ya ubatizo hayakufa. Yaliendelea majumbani na makanisani, na yalirudi hadharani mfumo ule ulipolegea katika miaka ya 1990.

Nchini Kenya mjadala kama huo uliendeshwa na watu binafsi badala ya serikali. Mwandishi James Ngugi alianza kutumia jina Ngũgĩ wa Thiong'o katika miaka ya 1970. Visa hivi viwili vinafanana kwa lengo lakini vinatofautiana kwa jambo la msingi. Mwandishi alichagua mwenyewe, ilhali raia wa Zaire walichaguliwa. Ikiwa misheni ilikosea kwa kumlazimisha mtu kulipokea jina, dola iliyomlazimisha kulivua ilirudia kosa lilelile kwa upande wa pili.

7. Mafunzo kwa sera za usajili

Leo mgogoro huu umehamia ofisini. Mtu mmoja anaweza kuwa Yohana katika cheti cha ubatizo, John katika cheti cha shule na Johana katika kitambulisho. Tofauti hiyo ya tahajia inaweza kumchelewesha kupata mirathi, pensheni au hati ya kusafiria, na kumlazimu aape kwamba watu hao watatu ni yeye. Utambulisho unavyozidi kuhifadhiwa kwa kompyuta, tatizo linakuwa kubwa zaidi, kwa sababu mashine hulinganisha herufi na si historia. Programu inayotafuta majina yanayofanana kwa tahajia inaweza kuoanisha Yohana na Yona, ambalo maana yake ni njiwa, au Yoana, ambalo ni la kike. Inaweza pia kumchanganya John aliyeandikwa Jon na Yonathani, lenye maana kwamba Mungu ametoa. Wakati huohuo itamtenga Yohana na John, Yowana, Jean, Ivan na Ian, majina ambayo kihistoria ni lilelile moja.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. La kwanza ni kwamba umbo alilolichagua mwenye jina liheshimiwe na lisisanifishwe kwa nguvu. Usanifishaji wa Kiswahili ulikuwa kazi ya lazima kwa msamiati na tahajia ya kawaida, lakini jina la mtu ni mali yake kwanza. La pili ni kwamba mifumo ya usajili iwe na orodha ya maumbo yenye asili moja, itakayotumika kusaidia utafutaji wa kumbukumbu tu, na uamuzi wa mwisho ubaki kwa ushahidi mwingine. Orodha hiyo haiwezi kuandaliwa na wataalamu wa kompyuta peke yao; inahitaji wanaisimu, wanahistoria na viongozi wa dini wa nchi zote za ukanda. La tatu ni kwamba afisa asibashiri dini, kabila au uraia wa mtu kwa kutazama jina. Yohanna Abdallah alikuwa kasisi, na baba wa Daudi au Musa anaweza kuwa wa dini yoyote.

8. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba jina lililoundwa kwa mzizi wa h-n-n limepita katika Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kiarabu, Kihabeshi na lugha za Ulaya kabla ya kutulia katika maumbo mengi ya Afrika Mashariki. Kila kituo kiliongeza au kupunguza sauti, na kila mamlaka ililitumia kwa kusudi lake. Maana yake, hata hivyo, haikuhitaji umbo hilo ili ieleweke hapa. Wazazi wanaomwita binti yao Neema au Rehema, wawe Waislamu au Wakristo, wanasema kwa Kiswahili kile ambacho Yohanan kilisema kwa Kiebrania, na wazazi wa Hakizimana wanakisema kwa muundo uleule wa sentensi.

Utafiti zaidi unahitajika katika rejista za ubatizo, kumbukumbu za makadhi na daftari za vizazi, ili kubaini ni lini na wapi kila umbo lilianza kutumika na ni akina nani waliolitumia. Rejista nyingi kati ya hizo ni karatasi zilizochakaa ambazo zinaendelea kuharibika. Kuzihifadhi na kuzisoma kwa ushirikiano wa nchi jirani ni kazi ya kitaaluma, na pia ni huduma kwa raia anayesimama dirishani akijaribu kuthibitisha kwamba Yohana na John ni mtu mmoja.